Kifuko cha Joto cha Bibi Mize

Masikio yako wapi? Haya, yashike vizuri, yasikimbie.

Kule Pemba, katika nyumba yenye mkarafuu mmoja uani, alikaa msichana. Jina lake Kazija. Alikuwa na miaka sita, na kwa kucheza mdako hakuna aliyemweza.

Tik! Kokoto juu. Tak! Kokoto mkononi.

Kazija alikaa na Bibi Mize na Babu Faki. Bibi alilima mpunga bondeni. Babu alishona kofia barazani. Sindano ndani, sindano nje.

Asubuhi moja Bibi alishika jembe.

"Kazija!"

"Labeka, Bibi!"

"Mvua i karibu. Leo nalima. Njoo uniokotee magugu, nisiiname mara mbili."

"Nakuja, Bibi. Sasa hivi!"

Tik! Kokoto juu. Tak! Kokoto mkononi.

Sasa hivi ikawa adhuhuri. Sasa hivi ikawa alasiri. Kazija hakwenda.

Jioni Bibi alirudi. Alitembea pole, pole, pole. Mkono mmoja ulishika jembe. Mkono mmoja ulishika kiuno.

Alikuwa amelima, akainama. Ameokota magugu, akainama tena.

"Oh, mgongo wangu," alisema Bibi. "Mgongo wangu!"

Hakumgombeza Kazija. Hata kidogo. Kazija akatamani agombezwe.

"Laiti ningekwenda," alinong'ona. "Laiti!"

Kesho yake Bibi hakuweza kuinuka kitandani.

Kazija akatoka barazani. Akasimama mbele ya Babu, mikono kiunoni.

"Babu, ule mpunga wa bondeni nani anaula?"

"Sote, mjukuu wangu."

"Na wewe?"

"Mimi sahani mbili."

"Basi kwa nini anainama Bibi peke yake?"

Sindano ya Babu ikasimama. Babu akakohoa, ingawa hakuwa na kikohozi.

"Mimi nashona," alisema Babu.

"Na mimi nacheza," alisema Kazija.

Wakatazamana. Majibu yale hayakumpendeza hata mmoja wao.

Babu akaweka kofia chini.

"Mama yangu alipoumwa mgongo," alisema, "tulimkanda kwa kifuko cha joto. Kitambaa. Nafaka kavu. Na viungo vya kunukia. Unakipasha moto, unakiweka panapouma."

"Tumshonee Bibi!" Kazija akaruka. "Leo! Sasa hivi!"

Safari hii, sasa hivi ilikuwa sasa hivi kweli.

Kazija alileta kipande cha kanga kuukuu. Babu alikishona kifuko, kirefu kama mkono wake. Alikishona kwa mishono midogo midogo, kama ya kofia. Akaacha mdomo wazi upande mmoja. Akatia na kamba mbili za kufungia kiunoni.

Kazija aliokota karafuu kavu kwenye mkeka. Akavunja mdalasini. Akakata mchaichai uliokauka.

Nusa! Mmm. Nusa tena! Mmmm.

"Sasa nafaka," alisema Babu.

Wakaingia jikoni. Babu alitazama huku na huku kama mgeni.

Mchele ulikuwamo, lakini kidogo, wa chakula cha jioni. "Huo tusiuguse," alisema Kazija.

Halafu akatazama juu. Juu ya jiko, kwenye moshi, kilining'inia kibuyu. Mdomo wake ulizibwa kwa majivu.

Ndani mlikuwa na mpunga. Mkavu, mzuri, wenye ndevu fupi nyekundu.

"Tumuulize Bibi?" aliuliza Kazija.

"Kalala masikini, tusimwamshe," alisema Babu. "Mpunga ni mpunga."

Hawakumuuliza. Hawakumuuliza mtu.

Babu akabandika kikaango. Kazija akakaa mbali na moto, akihesabu. Babu akakoroga.

Pa! Punje moja ikaruka. Pa-pa! Pa-pa-pa!

"Zinacheka!" alisema Kazija.

Wakaupoza mpunga kidogo, wakaumimina kifukoni pamoja na viungo. Babu akashona mdomo. Akajiwekea kifuko mkononi kwanza, aone kama kinaunguza. Hakikuunguza.

Kazija akakipeleka chumbani kwa mikono miwili. Wakakilaza mgongoni mwa Bibi.

"Aaaah," alisema Bibi. Akafumba macho. "Nani kanifikiria hivi?"

"Sisi!" alisema Kazija.

"Nasikia karafuu."

"Ndiyo!"

"Nasikia mdalasini, na mchaichai. Na ndani mmetia nini, kizito hivi?"

"Mpunga," alisema Babu.

Macho ya Bibi yakafumbuka.

"Mpunga gani?"

"Ule wa kibuyuni. Juu ya jiko."

Bibi akageuza kichwa, akamtazama Babu.

"Faki," alisema Bibi polepole. "Ile ni mbegu."

Kazija akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mbegu aliyoniachia mama yangu. Miaka yote hii unaula mpunga huo, hujui unalala wapi?"

Babu akainamisha kichwa. Kofia ikamwanguka. Hakuiokota.

"Tutaitoa, Bibi!" alisema Kazija. "Tutakifungua kifuko, tuipande!"

Bibi akamshika shavu.

"Mbegu iliyokaangwa haioti, mwanangu."

Kazija akatoka nje, akakaa chini ya mkarafuu. Kokoto zake zilikuwa palepale. Hakuzigusa.

"Laiti ningeuliza," alisema. "Laiti!"

Lakini punje chache zilikuwa zimeanguka karibu na jiko, zile zilizoruka. Kazija akaziokota moja moja. Akazipanda kwenye kifuu cha nazi.

Siku ya kwanza akamwagilia maji. Kimya.

Siku ya pili akamwagilia. Kimya.

Siku ya tatu akaziimbia. Kimya.

Siku ya nne Bibi aliinuka kitandani. Alitembea hadi uani, kifuko kimefungwa kiunoni. Akaona kile kifuu. Akapita, hakukigusa.

Siku ya saba mawingu yalisimama juu ya bonde, meusi kama masufuria. Kifuuni udongo ulikuwa vilevile. Mtupu.

Kazija akalia. Si kwa sauti. Yale machozi ya kimya, yanayoshuka tu.

Halafu akafuta uso, akaenda kwa Bibi. Safari hii aliuliza.

"Bibi, kuna mtu mwingine ana mpunga kama ule? Wenye ndevu nyekundu?"

Bibi akafikiri. Akatazama juu. Akatazama chini.

"Mwaka jana," alisema, "nilimgaia Bi Chumu bakuli moja. Wa bonde la pili."

"Naweza kwenda kumwomba?"

"Nenda. Lakini useme kilichotokea. Chote."

"Nakwenda. Sasa hivi!"

"Ngoja," alisema Babu. "'Mpunga ni mpunga' ni maneno ya nani? Yangu. Twende sote."

Babu akakibeba kibuyu kitupu, akapita nacho mbele ya wazee wenzake wanaokunywa kahawa.

"Faki!" wakamcheka. "Leo umebeba kibuyu? Umekuwa mwanamke?"

"Nimebeba kosa langu," alisema Babu.

"Na langu," alisema Kazija. "Na nyinyi mnaocheka, mbegu zenu zinalala wapi?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akanywa kahawa kikombe kikiwa kitupu.

Wakafika kwa Bi Chumu.

"Hodi!"

"Karibuni! Mize hajambo mgongo?"

Kazija akavuta pumzi. Akasema yote. Mdako. Magugu. Kibuyu. Pa-pa-pa. Hakuruka hata neno.

Bi Chumu akashika kifua. "Lo! Mmekaanga mbegu ya Mize?"

"Ndiyo," alisema Kazija. "Naomba uturudishie kidogo. Ukiweza."

Bi Chumu akaingia ndani. Akakaa. Akakaa sana. Kazija akasikia moyo wake. Du-du. Du-du.

Akatoka na kapu dogo. Akapima kwa viganja. Kiganja hiki kibuyuni. Kiganja hiki kapuni. Kibuyuni, kapuni. Kibuyuni, kapuni.

"Nusu yenu, nusu yangu," alisema. "Zaidi sina. Nami lazima nipande."

Ilikuwa kidogo. Kibuyu hakikujaa. Kilijaa hadi tumboni tu. Lakini zile ndevu nyekundu, Kazija alizijua.

Akakibeba hadi nyumbani kwa mikono miwili, bila kukimbia.

Alfajiri watu watatu walishuka bondeni. Kazija aliokota magugu. Babu alishika jembe. Alishika vibaya, Bibi akamcheka hadi akashika kiuno.

"Usinichekeshe, Faki, mgongo!"

Mbegu zilitosha pembe moja tu ya bonde. Kule kwingine udongo ulibaki mtupu. Bibi aliutazama kwa muda. Kazija aliuona uso wake, akamshika mkono.

"Mwaka huu tutakula kidogo," alisema Bibi. "Mwaka ujao tutapanda zaidi."

Halafu mvua ikaja. Sha-sha-sha-sha.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tano Kazija alipiga magoti kwenye tope, akatazama karibu, karibu kabisa.

Ncha ya kijani. Ndogo kama sindano ya Babu.

"Bibi! Babu! Imeota!"

Jioni ile Babu alipasha kifuko. Alijiwekea mkononi kwanza. Kisha akakilaza mgongoni mwa Bibi. Nyumba nzima ikanukia karafuu.

Kazija akapanda kitandani kando ya Bibi. Akaweka sikio juu ya kifuko. Ndani mlisikika kha, kha, kha. Zile punje zilizokaangwa.

"Hizi hazitaota tena, Bibi."

"Hazitaota."

"Nasikitika."

"Najua," alisema Bibi. "Nami pia. Lakini zina joto. Sogea, na wewe upate."

Kazija akasogea. Joto likamfika tumboni, miguuni, hadi kwenye vidole vidogo.

"Bibi?"

"Lala sasa, mtoto wewe."

"Nauliza tu. Kesho tunakwenda bondeni saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Utaniamsha?"

"Nitakuamsha."

"Na Babu?"

Kutoka upande wa pili wa ukuta sauti ilisema, "Babu tayari kaweka jembe mlangoni. Laleni!"

Kazija akacheka. Akafumba macho.

Kha, kha, kha, zilisema zile punje, polepole. Halafu hazikusema tena.