Kipande cha Shaba Kwenye Gari la Sfundo

Maiti ya Sfundo Cele ilikuwa bado imeketi nyuma ya usukani, viganja vimeelekea kioo. Moto ulikuwa umeshazimwa, lakini uwanja wote wa mtaa wa Umlazi ulinuka plastiki iliyoungua, na umati uliokuja kusikiliza mashindano ya muziki wa magari, ya kupima besi ya nani ina nguvu zaidi, sasa ulipiga kelele kwa jina moja.

"Bhekani! Mtoeni Bhekani!"

Bhekani Mthalane, mpinzani mkubwa wa marehemu, alikuwa amefungiwa ndani ya gari la polisi. Watu walikuwa wameshaanza kuokota mawe.

"Kila mtu kamwona akisukuma mlango," alisema Thokozani Ngidi, fundi aliyefunga muziki wa Sfundo na rafiki yake tangu shule. "Sfundo anagonga kioo, huyu anasukuma tu! Wiki nzima alikuwa akimtambia."

Inspekta Nokwazi Gcaba alimwacha hapo. Aliingia kwenye gari la polisi alimokuwa Bhekani.

"Ulimsukumia mlango?"

"Sote husukuma, mama. Gari likipimwa sauti, lazima milango ibonyezwe, besi isivuje. Hata mpinzani wako anakuja kukubonyezea. Ndiyo heshima yetu."

"Alipogonga je?"

"Nilidhani anafuata mdundo. Si huwa anacheza humo ndani, kichaa yule? Nikaona moshi. Nikavuta ukingo wa mlango, haukufunguka. Vishikio vya ndani alishaving'oa, eti vinatetemeka vinamharibia sauti."

"Nionyeshe mikono."

Malengelenge yalikuwa upande wa ndani wa vidole. Viganja vilikuwa salama. Huyu alivuta bati la moto.

Inspekta alikwenda kwenye boneti, ambako Sajini Dladla, mchunguzi wa moto, alikuwa amepiga magoti.

"Waya mkubwa wa amplifaya umepita kwenye tundu la bati bila mpira wa kuukinga," alisema Dladla. "Bati limeusugua mpaka likagusa shaba. Shoti. Waya ukawaka chini ya zulia lote."

"Fyuzi haikukatika?"

"Fyuzi ipi, bosi?"

Alifungua kwa koleo kikasha cha fyuzi kando ya betri. Ndani mlikuwa na kipande cha bomba la shaba, kimekatwa kwa msumeno kwa urefu wa fyuzi hasa, kisichoweza kukatika hata umeme ukizidi.

Inspekta alimwita Ngidi kwenye hema la waamuzi, akakiweka mezani.

"Nani kaweka hiki?"

"Labda Bhekani, usiku..."

"Thokozani. Wale nje watamuua mtu."

Fundi alikisukuma kile kipande kando.

"Fyuzi ilikuwa inakatika," alisema. "Jana, kwenye majaribio. Naweka nyingine, inakatika tena. Watu wamejaa, wanacheka. 'Ngidi, rudi kwenye redio za bibi!' Wanasema hivyo mbele ya wateja wangu."

"Hukutafuta kinachoikata?"

"Ningefumua zulia zima huku wakinitazama. Nilikuwa na bomba la friji kwenye boksi la vifaa. Nikakata. Gari likanguruma, mama, wakaninyanyua juu juu. Sfundo akaniuliza, 'Bhuti, kaka yangu, tatizo lilikuwa nini?' Nikamwambia fyuzi zilikuwa feki."

"Akakuamini."

"Aliniamini siku zote."

"Na Bhekani ukamsingizia kwa nini?"

Ngidi alifunika uso kwa mikono.

"Mlango wa pili niliubonyeza mimi. Nilimsikia akigonga. Nikawaambia wenzangu, bonyezeni, leo anavunja rekodi."

Inspekta aligeuka kumwita askari akawatangazie watu kwamba Bhekani hana kosa. Kabla hajafungua kinywa, meza ilianza kutetemeka. Nje, madereva walikuwa wamepanga magari yao kumzunguka marehemu, na mmoja alikuwa amewasha muziki kumuaga kama wanavyoagana wao. Wenzake wanne walikuwa wameshaegemea milango.

Ngidi aliinua kichwa, akaitambua ile besi.

"Mama, wazuie."

"Kwa nini?"

"Na hilo nimelifunga mimi, kwa bomba lile lile."