Maswali Matatu Katika Msiba wa Talha

Masika hayo, kila jioni, Bi. Mtumwa alifunga madirisha ya nyumba yao ya Mabibo na kusukuma jiko la mkaa chini ya kitanda cha mkwewe, Tunu, aliyekuwa amejifungua. Mzazi hutiwa joto, ndivyo alivyolelewa.

Asubuhi moja Tunu aliamka kichwa kikimgonga. Mwanawe mchanga, Talha, alikuwa amekufa. Raudha, dada yake Talha aliyelala nao, alikuwa akitapika. Mwishehe, baba yao, akawakimbiza wote hospitali.

“Sie tunazika leo, dokta,” alisema.

“Mtazika. Kwanza tujue kilichomuua.”

Raudha akalazwa, baba yake akabaki naye, Tunu akarudi msibani. Nyumbani, Bi. Mtumwa alikwisha kulitoa jiko na kufagia chumba, maana wafiwa hupokea watu. Akaja askari wa kike, akauliza walivyolala. Akaja afisa afya, akauliza hayohayo. Kisha akaja Recho, wa ustawi wa jamii, naye akauliza. Tunu akachanganyikiwa.

“Mbona mnanizunguka? Mnaona mie nimemuua?”

Recho akaketi mkekani. “Pole, dada. Polisi anatazama kama mtoto alidhuriwa. Daktari anatafuta maradhi. Afisa afya anakagua nyumba. Mimi namwangalia mtoto aliyebaki. Kila mmoja ana kipande chake, kisha tunakaa pamoja tuviunganishe.”

“Na mkiona kosa?”

“Tutasema kweli. Tusipojua, daktari atamtibu Raudha kwa kubahatisha.”

Tunu alimtazama mkwewe. Akisema ya jiko, je, mama huyu atafungwa? Akinyamaza, je, Raudha?

“Palikuwa na jiko,” akasema.

“Jiko la mzazi hilo,” Bi. Mtumwa akamkatiza. “Mie nimezaa saba juu yake.”

“Nyumba ya makuti ilipumua, bibi. Hii ina dari na vioo. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu,” Recho akasema.

Akampigia daktari simu. Raudha akawekewa oksijeni, na Tunu akaitwa naye apimwe. Damu ya Talha ikachukuliwa, naye akazikwa jioni ileile.

Majibu ya damu yalipokuja, ofisi zote zilikaa pamoja, zikakubaliana: sumu ya mkaa, ajali. Hakuna aliyefungwa. Raudha alikwisha kurudi nyumbani, anacheza.

Bi. Mtumwa, ambaye wanawake wa mtaa humwita kuwakanda wazazi waliojifungua, akamwendea Recho ofisini.

“Wakusanye,” akasema. “Wewe watakubishia. Mie watanisikiliza.”

Wakamsikiliza. Aliwaambia mkaa ubaki uani. Walipomuuliza amejuaje, alimtaja mjukuu wake kwa jina.