Pumzika, Mama, Tumezima

Harufu ndiyo iliyotangulia. Fundi wa sauti aliingia studio asubuhi, akasimama mlangoni na nyaya zake begani, akanusa, kisha akauliza ni nani aliyeloweka nguo humu ndani akazisahau. Ilikuwa harufu ambayo kila mwenye nyumba anaijua, ya nguo zilizokaa kwenye beseni na sabuni mpaka maji yakaota utelezi. Wakatafuta beseni. Wakainua mazulia, wakachungulia nyuma ya mapazia meusi, wakafungua hata kabati la mpambaji anayewapaka wageni poda. Hawakuona beseni wala tone la maji. Harufu ilikuwa kali zaidi kwenye kiti cha mgeni, na kiti chenyewe kilikuwa kikavu.

Mwenye kipindi alipofika aliwacheka wote, akasema watu wazima wanaogopa nguo chafu. Huyu ndiye aliyeitwa Koleo, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake, maana hakuna neno lililojificha kinywani mwa mtu asiloling'oa. Kipindi chake kilihusu mauaji, watoto waliopotea, wake waliokimbia na waume waliokutwa mtoni. Aliwaita waliobaki, akina mama, ndugu, majirani, akawakalisha chini ya taa kali na kuwauliza mpaka walie. Walipolia, watu majumbani waliitana waje kutazama.

Lakini mtu ukimbana sana hufunga mdomo, na kwa watu wa namna hiyo Koleo alikuwa na dawa yake. Alikuwa ananyoosha mgongo, anafungua kifungo cha koti, anasema kwa sauti ya mtoto mwenye adabu, "Pumzika, mama. Tumezima." Hawakuwa wamezima. Kabla ya kila mahojiano alipita nyuma ya kamera kama anayekagua picha, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaisawazisha kwa kidole gumba selotepu nyeusi iliyoziba taa nyekundu ya kurekodi. Mgeni akisikia tumezima hushusha pumzi, hulegea mabega, husema yale ambayo hata mumewe hajawahi kuyasikia. Fundi wa sauti aliona haya kila mara. Aliona haya, akavaa hedifoni zake, akaendelea na kazi.

Mtu wa mwisho kufanyiwa hivyo kabla ya harufu kuanza alikuwa mama mmoja aliyepotelewa na mwanawe wa kiume. Walimchukua nyumbani kwake haraka haraka, akaja na mikono imesinyaa kwa maji. Tangu anaingia alisema asicheleweshwe, ameacha sare za mtoto zimelowekwa, anataka mtoto akirudi azikute safi. Wengine walipita kama hawakusikia. Koleo alilisikia neno hilo, akaliweka akiba. Kamera zilipowaka alimsogelea mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Ulikuwa unafua nini, mama?" alimuuliza. "Doa gani hilo lisilongoja?"

Mama yule hakuelewa kwanza. Alipoelewa kwamba anashukiwa damu ya mwanawe, alilia kwa namna ambayo mpambaji alitoka nje ya studio. Ndipo Koleo akafungua kifungo cha koti na kumwambia apumzike.

"Mmezima kweli, mwanangu?"

"Kweli, mama."

Mama akaitazama mikono yake. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyemuua. Nilimwambia akacheze nje, nipate kufua."

Kipindi kilirushwa jioni ya siku ya pili, na maneno yake yalikatwa baada ya "niliyemuua". Mkato ulikuwa mzuri, huwezi kuona ulipopita. Majirani walimtolea mama yule vyombo nje usiku uleule. Alikwenda kulala kwa dada yake, na asubuhi hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Wakati huo mpangaji wa nyumba ya jirani alikuwa tayari mikononi mwa polisi, ameshaonyesha alikomzika mtoto. Koleo akatengeneza kipindi juu ya mpangaji, kikatazamwa kuliko vyote, na jina la mama halikutajwa hata mara moja. Watu ni wepisi kusahau wanaposaidiwa.

Sasa kiti kikanuka. Wakakibadilisha kiti, na kipya nacho kikanuka. Kisha fundi wa sauti akaanza kusikia pumzi katika maiki ndogo ya mgeni, ile inayobanwa kifuani, wakati maiki imelala mezani na hakuna mtu. Alidhani waya umekatika ndani. Akabadilisha waya, akabadilisha betri, akaichomoa maiki kabisa. Pumzi iliendelea. Alimwita Koleo pembeni na kumvisha hedifoni.

Koleo alisikia mtu anapumua kwa utulivu, kama aliyeambiwa ajisikie nyumbani. Nyuma ya pumzi ile kulikuwa na sauti nyingine ya majimaji, nguo inafikichwa juu ya nguo, inakamuliwa, inatumbukizwa tena. Alitaka kuzivua hedifoni na mkono ukakataa. Kufikicha kukasimama. Sauti ikamuuliza kwa upole, karibu kabisa na sikio:

"Mmezima kweli?"

Alizivua akasema ni mwingiliano wa mawimbi. "Kaka," fundi alisema chini chini, "mawimbi gani yanafua nguo?"

Koleo angeweza kuyabeba hayo, maana alikuwa na roho ngumu na mshahara mnono. Nyumbani ndiko alikopatikana. Alikuwa na binti mmoja tu, wa darasa la kwanza, mwenye domo la kuwachosha wageni. Mtoto yule alipunguza maneno taratibu mpaka akabaki na mawili. Kikombe kilivunjika jikoni yeye akiwa amelala, akaja anasugua macho na kusema, "Ni mimi." Paka wa jirani aligongwa na gari, naye akasimama kwenye geti akimwambia jirani, "Ni mimi." Mama yake alimpeleka hospitali, wakampima kila kinachopimika, wakasema mtoto mzima. Shuleni alimfuata mwalimu aliyefiwa na mama yake, akamshika sketi, akasema yaleyale huku analia. Mwalimu naye akalia, na kuanzia siku hiyo mtoto akakatazwa kuja shule mpaka apone.

Jioni moja Koleo alirudi jua likiwa bado halijazama, akaisikia ile sauti ya majimaji tangu sebuleni, akaifuata kwenye korido akiwa anajiambia kwamba mke wake anafua, ingawa alimwona mke wake kwa macho yake ameketi kochini amejishika kichwa, akaifuata mpaka bafuni, akausukuma mlango, na mle ndani harufu ikampiga usoni, na binti yake alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni tupu, kavu, ametumbukiza mikono humo, anafikicha hewa, anakamua hewa, na kila alipokamua maji yalisikika yakidondoka, na vidole vyake vilikuwa vimesinyaa kama vya mtu aliyefua toka asubuhi, kisha akainua uso na kumwambia baba yake, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima aliyechoka, "Ni mimi. Ni mimi niliyemuua."

Koleo alikaa chini sakafuni na suti yake. Mke wake alikuja mlangoni, akamwambia kwamba anajua kipindi kile, anayajua maneno yale, na mtoto akipotea hivi hatamsamehe hadi anaingia kaburini.

Mke ndiye aliyemtafuta mganga. Alikuwa bibi mmoja mkavu, mchache wa maneno, aliyevaa raba za mazoezi kwa sababu ya miguu yake mibovu. Aliingia nyumbani, akamtazama mtoto, akakataa hata kukaa.

"Hapa amekuja kutembea tu," alisema. "Nipelekeni anakoishi."

Wakampeleka studio mchana kweupe, ingawa mle ndani mchana hauingii. Bibi alikizunguka kiti cha mgeni, akakigusa kwa kiganja, akajipangusa. Koleo aliuliza kwa kunong'ona kama ni yule marehemu.

"Marehemu muache alale, hana haja na wewe," bibi alijibu. "Huyu ni jini. Wanapenda mahali panaposemwa uongo uleule kila siku, kama mende wanavyopenda jiko chafu. Ameyakuta maneno ya yule mama yameachwa hapa, nusu, hayana mwenyewe. Akayavaa. Mwanao ni mdogo, yanamtosha."

Alieleza la kufanya, na halikuwa na ubani wala damu ya kitu chochote. Koleo akae kwenye kiti cha mgeni. Ataulizwa, naye ajibu mpaka ukweli uishe. Sharti lilikuwa moja tu, nalo bibi alilirudia akiwa amemshika mkono: kusiwe na kitu kinachorekodi. Maneno yatoke yaende zake. Yakihifadhiwa, jini atakuwa na nguo nyingine ya kuvaa. Koleo aliapa kwa uhai wa binti yake.

Fundi aliwasha taa. Koleo alitembea huku na huku akipanga mambo, akasogeza meza, akapita hapa na pale, kisha akakaa. Mbele yake kilikuwa kiti chake mwenyewe, kitupu. Ngozi ya kiti hicho ikabonyea taratibu, kama inavyobonyea mtu mzito anapokaa, na harufu ikashuka juu yao wote.

"Ulikuwa unafua nini?" kiti kiliuliza.

Alisema alikuwa anafanya kazi yake. Kiti kikamsogelea, miguu yake ikikwaruza sakafu. Alisema watu wana haki ya kujua, akasema mhariri ndiye aliyekata, akasema mama yule alikubali kuja kwa hiari yake. Kila jibu lilikileta kiti karibu, mpaka ukingo wake ukagusa magoti yake, na alihisi baridi ya nguo mbichi ikipanda mapajani.

"Doa gani hilo lisilongoja?"

Hapo Koleo akavunjika. Alisema kwamba mhariri alikata kwa sababu yeye alimsimamia nyuma akamwonyesha pa kukata, na kwamba jioni ile, kabla ya kipindi kurushwa, inspekta wa polisi alimpigia simu mwenyewe akamwambia wamempata mpangaji, mama hana kosa, kipindi cha mama kisirushwe, naye alisikia kila neno, alisikia vizuri kabisa, lakini tangazo lilikuwa limeshapita na mji mzima unangoja, basi akasema simu yako inakatika, haloo, haloo, inakatika, akakata, akaenda kupakwa poda, na tangu siku hiyo hajapata kulala bila kujisikia akisema haloo.

Alilia kama walivyolia wageni wake, kamasi mpaka kidevuni, na hakukuwa na mtu wa kumpa kitambaa. Kiti kikanyanyuka kidogo, ngozi ikarudi mahali pake. Kitu kikapita kati yao kuelekea mlangoni. Pazia likatikisika bila upepo, na harufu ikaondoka yote kwa mara moja. Simu ya Koleo ikaita. Mke wake alikuwa analia na kucheka, anasema mtoto ameomba chai, ameomba na mkate, anasimulia mambo ya shule hanyamazi.

Bibi alienda zake bila kudai kitu. Fundi akazima taa kubwa, na giza lilipoingia Koleo akaona mstari mwembamba mwekundu pembeni ya selotepu ya kamera.

"Kaka, mimi sijaigusa," fundi alinong'ona. "Nakuapia."

Koleo alikitazama kidole gumba chake. Kilikuwa na gundi. Hakukumbuka kupita nyuma ya kamera, hakukumbuka kubonyeza, lakini alijua kwamba alipokuwa akienda huku na huku mkono wake ulifanya inachofanya mikono ya watu wa kazi ile.

Alimwambia fundi aende nyumbani, picha ataifuta mwenyewe. Alipobaki peke yake aliifungua picha ili ahakikishe ni yenyewe. Akajiona anavyolia. Taa ilikuwa imemkaa vizuri. Alipofika kwenye haloo, haloo, alijikuta anairudisha nyuma na kuitazama tena, na kwa aibu kubwa aligundua kwamba anatafuta pa kukata. Akaichomoa kadi ya kamera yenye picha ile. Alijiambia ataiharibu, ila si sasa, amechoka, ataiharibu akifika nyumbani. Akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Alimkuta binti yake barazani, jua likimwangaza, amekaa kwenye kigoda na beseni dogo. Safari hii beseni lilikuwa na maji na povu la kweli, na ndani yake kulikuwa na gauni la mwanasesere. Mtoto akamkimbilia, akamkumbatia kiunoni kwa mikono yenye povu, akamsimulia jinsi mama alivyompa mkate na siagi mpaka akashiba. Koleo alimbusu utosini na kujisikia amerudishiwa dunia.

"Unafanya nini, mama?" akamuuliza.

"Nafua."

"Nani kakufundisha kuloweka nguo?"

Sikio la mtoto lilikuwa limegota kwenye koti, palipo na mfuko wa ndani wenye kadi, naye alitulia kama anayesikiliza kitu. Kisha akainua mkono mmoja, vidole vimesinyaa, akalifungua kifungo cha koti la baba yake polepole.

"Pumzika, baba," akasema kwa adabu. "Tumezima."