Kiti cha Mama Bibiane

Mama Bibiane alicheka mapema mno. Kwenye televisheni, yule mwanaume mwenye kofia ndefu alikuwa bado anashuka ngazi. Bibi alipomaliza kucheka, ndipo mwanaume akaanguka.

"Labda aliishaona hii filme," alisema Apollinaire, mwanawe.

"Aliona wapi?" mkewe Eulalie akauliza.

Mama Bibiane alikuwa ametolewa kijijini Nyangezi miaka minne nyuma, amepooza miguu na mkono mmoja. Kila Jumapili alasiri televisheni ilionyesha sinema za zamani za Ulaya, za nyeusi na nyeupe, na katika nyumba ile ya Nyalukemba hakuna aliyezipenda kuliko yeye. Kifaransa hakukijua hata neno. Alitazama nyuso tu, akaridhika. Eulalie ndiye aliyemwosha, akambadilisha nguo zilizolowa, akambeba hadi kwenye kiti chake.

Jumapili iliyofuata bibi aliyatamka maneno ya waigizaji kwa Kifaransa safi, kabla wao hawajayasema. Mwanaume kwa sauti ya mwanaume, mwanamke kwa sauti ya mwanamke. Kinywa chake kilinuka nywele zilizoungua.

"Papa Gérard, minaogopa," Eulalie alimnong'oneza mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao aliyekuwa shule ya bweni.

"Wacha woga. Mama iko na zawadi ya Mungu."

Jumapili ya tatu Apollinaire alialika wenzake wawili wa ofisini. Walipiga makofi. Walipoondoka mvua ilikuwa inanyesha, umeme ukakatika, kioo kikazimika, lakini Mama Bibiane hakunyamaza.

"Mwanaume anasimama," alisema kwa Kifaransa. Apollinaire akasimama. "Anamwendea mke wake." Akaenda, huku akitikisa kichwa kukataa. "Anampiga." Na Apollinaire akampiga Eulalie, akampiga huku analia na kumwomba msamaha, akampiga hadi jino likadondoka sakafuni, na harufu ile ikajaa sebule nzima, na bibi naye machozi yakimtiririka juu ya mdomo uliokuwa ukicheka akaendelea kusimulia, pigo kwa pigo, mpaka umeme uliporudi.

Kesho yake wakamleta Mama Camille, mganga. Alinusa kutoka mlangoni tu, akarudi nyuma.

"Ni jini. Inapenda kutazamwa. Mukiinyima macho, itaenda. Mumufungie ndani. Musiingie, musijibu, hata akiwaita. Lakini harufu ikiisha, jini imetoka: mufungue palepale, mumupe maji. Huyu ni muzee, hatangoja."

"Mi siwezi kusikia vile analia," Apollinaire alimwambia mkewe. "Ukae hapa weye." Akaenda kulala kwa mdogo wake, mtaa wa pili.

Mchana kutwa Eulalie alikaa mbele ya mlango wa chumba walimomfungia bibi, kitini mwake. Ndani kulilia wanaume na wanawake, kwato za farasi, risasi, umati ukipiga makofi. Jioni kitu kikapiga bati la paa kwa kishindo, kikaenda zake. Kukawa kimya. Eulalie akainama kwenye tundu la ufunguo, akanusa. Mkojo tu, na maharage yake yaliyokuwa yanachemka jikoni.

"Eulalie, mwanangu," sauti ndogo ikaita. "Niko na kiu."

Aliushika ufunguo. Ulimi wake ukagusa pengo la jino. Akafikiria mashuka ya kesho, na ya kesho kutwa, na ya miaka mingine minne. Akauachia ufunguo, akaenda kukoroga maharage, akala.

Siku ya pili Apollinaire alikuja saa sita, akasimama mbali na mlango.

"Harufu?"

"Iko bado."

"Apollinaire! Mutoto wangu!" sauti ikaita kutoka ndani. "Maji!"

Apollinaire akaziba masikio. "Inajua jina yangu," alisema, akakimbia hadi barabarani.

Usiku ule sauti ilizidi kuwa ndogo. Siku ya tatu haikuwapo.

Apollinaire akarudi na Mama Camille. Walipofungua, Mama Bibiane alikuwa amelala nyuma ya mlango kabisa. Alikuwa amejikokota kwa mkono mmoja kutoka kitini. Kucha zake zilikuwa zimekatikia kwenye mbao, na midomo ilikuwa imepasuka. Mama Camille akapiga magoti, akanusa kinywa chake, kisha nywele zake. Akamtazama Eulalie kwa muda mrefu.

"Harufu iliisha saa ngapi?"

"Leo asubuhi," Eulalie akajibu.

Apollinaire alimkumbatia mkewe huku analia. "Asante, Mama Gérard," alisema. "Umemulinda mama peke yako."