Umemlilia Mama Yupi, Thuranira?

Ujumbe wa Ntinyari uliingia Karwirwa akiwa jikoni, anawapakulia wageni chakula.

"Madam, cheki hii video ya festivo. Si hili ni shairi lako?"

Ntinyari alikuwa mwanafunzi wake katika darasa la utunzi alilofundisha kila Jumamosi pale Kianjai. Karwirwa akaifungua video. Watoto wa shule walikuwa jukwaani kwenye tamasha, wakighani shairi alilomtungia marehemu mama yake, Ciakuthii. Alilisoma mara moja tu, kaburini. Nakala alimpa mchumba wake Thuranira peke yake, naye ndiye aliyewafundisha watoto hao.

"Mtunzi ni Mwalimu Thuranira," mtangazaji akasema.

Na kila palipokuwa na jina la Ciakuthii, watoto walitaja Mukiri, jina la mama yake Thuranira.

Damu ikamchemka. Akamwita Thuranira, aliyekuwa sebuleni na wageni, waende nyuma ya jikoni.

"Hii ni nini?"

"Ah, hiyo. Nilikuwa nikuambie, sweetie. Principal alinisukuma na sikuwa na script."

"Ukachukua kilio changu."

"Si tunaoana? Chako ni changu. Na ikikaa tu kwa drawer inasaidia nani?"

"Mama yangu ukamtoa, ukaweka wako."

"Sasa ningelilia mama ya mtu?"

"Basi ingia ndani uwaambie wazee ukweli."

"Leo, na tumekuja posa? Usiniaibishe, Karwirwa. Nitawaambia baada ya harusi."

Ati aibu! Mtu anaiba msiba wa mwenzake mchana kweupe, halafu yeye ndiye wa kuogopa aibu.

Karwirwa akaingia sebuleni. Mbele ya baba yake, mzee Kiogora, palikuwa na ncoolo, kile kitita cha miraa ya posa, bado kimefungwa kwa majani ya mgomba. Mzee akikifungua tu, ndiyo amekubali kumtoa binti. Mama Mukiri, mamake Thuranira, alikuwa anakunywa chai.

"Baba, usifungue kwanza. Sikilizeni hii."

Akaongeza sauti ya simu.

"Mukiri umelala, ng'ombe wanakuita," watoto wakaghani. "Mukiri, udongo umekuwa blanketi yako."

Mzee Kiogora akainua kichwa.

"Hayo ni maneno uliyosoma tukimzika mama yako."

"Ndiyo, baba. Thuranira ameyafanya yake."

Mama Mukiri akaweka kikombe chini polepole.

"Thuranira, mimi nilikufa lini?"

"Mami, hiyo ni shairi tu."

"Nimekuuliza nilikufa lini. Watoto wa watu wananililia na mimi niko hapa nakunywa chai?"

Thuranira akamtazama Karwirwa, labda atamwokoa. Karwirwa alimpenda huyu mtu, na moyo ulimuuma, lakini akaiweka simu mezani mbele yake.

Mama Mukiri akasimama, akachukua ncoolo mezani.

"Baba Karwirwa, mtusamehe. Huyu hajafika umri wa kuoa. Na wewe mwanangu, pole kwa mama yako. Alililiwa vizuri."

Kisha akamsukumia mwanawe kile kitita kifuani.

"Beba. Twende nyumbani ukanizike."