Kengele Tisa za Mwamba wa Kitakami

— Shemeji, naomba unisamehe kwa nitakachomfanya mumeo leo.

Kuga alikuwa amepiga magoti kwenye korido ya ukumbi wa manispaa hapa Morioka, uso kaupaka rangi nyeusi na nyekundu, nywele kazitia dawa mpaka zimekuwa nyeupe. Mikononi ameshika sanduku la keki za maharage. Kwenye ulingo wa mieleka anaitwa Jinamizi, na watoto wakimwona wanalia. Nje ya ulingo ana adabu kuliko bwana harusi mbele ya wakwe; humwita mume wangu kaka mkubwa kwa kuwa alimtangulia ulingoni.

— Utamfanya nini? Pambano lake la mwisho lilikuwa miezi miwili iliyopita. Leo anaagwa tu.

— Ile ya kengele, shemeji. Ikishalia ya tisa naingia, nampiga kiti. Usiwe na wasiwasi, nalenga mgongoni, shingo siigusi kabisa.

— Ya tisa?

Kuga akanitazama, kisha akatazama sanduku lake.

— Kaka mkubwa hajakwambia?

Hajaniambia! Miaka ishirini na minane nafua kaptula zake za ulingoni, halafu habari ananiletea Jinamizi na keki.

Mpiga mieleka anayestaafu hupigiwa kengele kumi, ukumbi mzima umesimama kimya. Wapo wanaorudi ulingoni hata baada ya hapo, na mume wangu, Wakasugi Iwao, ndiye anayewasema kuliko mtu yeyote. "Aliyerudi baada ya kengele kumi hana haya usoni," ndivyo anavyosema kila akinywa. Kumbe ndiyo maana wanazikatiza kwenye ya tisa. Bila ya kumi, hajastaafu.

Nilifungua mlango wa chumba cha kubadilishia nguo bila kubisha. Iwao alikuwa amekaa kwenye benchi, suti imemkaa vizuri, tai inaning'inia. Miezi miwili sasa mkono wake wa kushoto hauna nguvu, na vifungo vya shati namfungia mimi. Daktari alituonyesha picha ya shingo, akasema pigo moja baya tu, atalala kitandani maisha yake yote.

— Afadhali umekuja. Nifungie tai.

— Kengele ni ngapi leo, Iwao?

Akaishika ncha ya tai, akaiangalia. Mwongo mzoefu angejibu haraka. Mume wangu hajui kudanganya, anajua kuficha tu.

— Nani amekwambia?

— Adui yako. Kapiga magoti.

— Kuga mjinga yule!

— Usimtukane mtoto wa watu. Yeye angalau kaja kuniomba radhi. Hospitali uliniambia nini? Ulinishika mkono, ukasema kengele kumi, basi.

— Ni pambano moja tu, Chizuru. Aprili. Mwenyekiti Shigematsu ameshapanga kila kitu, mabango yako tayari. Nitakuwa mwangalifu.

— Mwangalifu! Mkono ambao haufungi tai utamzuia mtu wa kilo mia na kumi?

— Wewe huelewi.

— Nieleweshe.

Alisimama, akakaa tena.

— Nikishuka pale leo, mimi nani? Nje watu elfu na zaidi wananiita Mwamba wa Kitakami. Kesho nitakuwa mzee anayevalishwa shati na mkewe. Utanionea huruma, halafu utanichoka.

Nilitamani kulia, na nilitamani kumpiga kofi. Sikufanya lolote kati ya hayo. Niliweka shada la maua juu ya benchi, lile ambalo mke humpelekea mumewe ulingoni siku kama hii, nikatoka.

Dakika kumi baadaye simu yangu ikatetemeka.

"Uko wapi? Maua ni baada ya kengele."

Nikamjibu:

"Nimekaa mstari wa tatu. Nitahesabu. Zikiishia tisa, kesho asubuhi naenda manispaa na fomu ya talaka. Sehemu yangu nimeshaijaza na kuipiga muhuri tangu siku ile ya daktari. Sitakaa kusubiri kukuuguza kwa kitu ulichokitafuta mwenyewe."

Alisoma. Alama kwenye simu ilionyesha.

Kidogo ukaja ujumbe mwingine, wa mwenyekiti wa kampuni yao ya mieleka:

"Mama Wakasugi, tafadhali ukae pembeni ya ulingo. Ukilia kamera itakupata vizuri."

Huo niliufuta.

Iwao alipoingia, tai ikiwa imefungwa ovyo na mkono mmoja, mikanda ya karatasi za buluu ilirushwa kutoka kila upande mpaka ulingo ukafunikwa. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa analia kwa sauti. Wazee wenzake wa mieleka wakapanda mmoja mmoja, wakapiga naye picha, wakashuka. Vijana wakafagia karatasi. Kisha mtangazaji akaomba watu wote wasimame.

Kengele ya kwanza. Ya pili. Iwao katikati, kichwa ameinamisha. Nilikuwa nahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Ya saba. Ya nane.

Ya tisa.

Taa zikazimika, zikawaka, Jinamizi yuko ulingoni. Ukumbi ulilipuka. Kiti kikatua mgongoni, kweli alilenga chini, lakini Iwao alipiga goti na mimi nilisikia maumivu yale mwilini mwangu. Kuga akamnyang'anya mpiga kengele nyundo, akashika maiki.

— Mwamba! Unakimbilia wapi? Hujapigana na mimi! Aprili, hapahapa, nikuzike mwenyewe!

Watu wakaanza kuliita jina la mume wangu kwa kishindo. Mwenyekiti Shigematsu, pembeni, anatabasamu. Iwao akainuka taratibu, akapewa maiki. Neno lilikuwa moja tu, nakubali, na kila mtu mle ndani alikuwa analingojea.

Hakulisema. Alikuwa ananitafuta. Aliponiona mstari wa tatu hatukutazamana kwa mapenzi, nisiwadanganye. Nilimtazama kwa hasira zote nilizonazo, na kwa hofu, na machozi yakinitoka.

— Kuga, nipe nyundo.

Kuga akasogea, akanong'ona, akasahau maiki iko katikati yao:

— Kaka mkubwa, hiyo haimo kwenye mpango.

Ukumbi mzima ukasikia. Wengine wakacheka, wengine wakaguna. Mtu nyuma akapiga kelele:

— Mpango gani? Mmetuita kuaga nini?

— Mpango wangu, — Iwao akajibu. — Nilitaka kuwadanganya. Na mke wangu pia nilimdanganya. Nilikuwa naogopa kengele ya kumi kuliko kuvunjika shingo. Ni hilo tu.

Mwenyekiti alikuwa anamwashiria fundi azime maiki. Ikazimwa. Iwao akachukua nyundo, akateremka ngazi mwenyewe, mkono wa kushoto umelegea, akaenda mpaka kwenye meza ya kengele. Jinamizi alikuwa amemwinulia kamba za ulingo apite, adabu imemshinda nguvu.

Akagonga. Haikulia vizuri, aligonga pembeni. Lakini ilikuwa ya kumi.

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Mzee jirani yangu aliinama, akabaki hivyohivyo. Wachache walitoka kwa hasira, na siwalaumu.

Nilimkuta chumbani peke yake. Mwenyekiti alikuwa ameshapita, na mlango ulikuwa bado unatikisika.

— Amesema nisikanyage tena ofisini kwake, — Iwao akasema.

— Mgongo?

— Unauma.

— Vizuri.

Nikakaa benchi ya pili, sio karibu naye.

— Kesho unaenda manispaa?

— Kesho ni sikukuu, wamefunga. Nilikutishia bila kutazama kalenda.

Akataka kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

— Na keshokutwa?

— Usinifanye nikusamehe leo, Iwao. Leo bado nasikia kile kiti.

Akaitikia kwa kichwa. Nje walikuwa wanakunja viti.

— Chizuru, — akasema, sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu tuoane, — sasa mimi nani?

— Sijui. Na mimi ndiyo kwanza nakutana na mtu huyo.