Mguu Uliolala kwa Mama Phylis

Haya niliyasikia kwa Phylis, jirani yangu hapa Kitengela, mwezi wa nane mwaka wa 2004, tukichambua ndengu kwake. Binti yake Nzilani alikuwa jikoni, na kila mama alipokosea, alitoa kichwa mlangoni akarekebisha. Kwa hivyo niko na pande zote mbili.

Nzilani anauza viatu vya mitumba sokoni. Ilikuwa Jumatano, watu wamejaa mpaka unakanyaga vitunguu vya mtu bila kujua. Akaja kijana mrefu, shati ya bluu imepigwa pasi, trei mbili za mayai mkononi. Akaziweka chini, akatoa rula mfukoni, akaanza kupima visigino vya viatu, kimoja kimoja. Nzilani alimwangalia mpaka akashindwa kunyamaza.

"Wewe unanunua kiatu ama shamba?"

"Nataka kisigino cha sentimita moja na nusu. Ikizidi kidogo sitaki."

"Basi karibu, Saveya. Nikuitie mwenye ploti?"

Kijana akacheka. Jina lake Hiram, anafuga kuku Isinya. Hakupata viatu siku hiyo, lakini alikuwa na jozi yake kuukuu kwa mfuko. Akaiacha kama kipimo, na namba ya simu juu yake.

Basi simu zikaanza. Nzilani anapiga kusema amepata kahawia, Hiram anauliza ya viatu kidogo, halafu anauliza mrembo amevaa nini leo. "Nimevaa baridi ya Kitengela," Nzilani anamjibu, "na sweta mbili juu yake." Kila Jumatano, mayai yakiisha, wanakunywa chai kwa kibanda cha Naeku. Kitu kimoja tu kilimsumbua Nzilani: jioni ikikaribia, huyu mtu anaanza kuangalia saa.

Wiki ya sita Nzilani alivaa gauni ya manjano, nywele zimesukwa jana yake. Hiram aliweka simu mezani kando ya chapati, akasema kuna jambo anataka kumwambia. Kabla hajafungua mdomo tena, kitu kikatetemeka ndani ya suruali yake. Kikanyamaza. Kikatetemeka tena. Na simu iko pale mezani, imelala.

Hiram akasimama. Akasema lazima aende.

"Pokea kwanza," Nzilani akasema.

"Si simu."

"Simu ya kunipigia mimi inakaa mezani, ya mke wako inakaa mfukoni. Sawa, Saveya. Enda."

Hiram alitaka kusema. Lakini msichana mmoja wa Embulbul, wa kabla ya Nzilani, alikuwa amemwacha wiki ileile aliyomwambia siri yake, na huyu alimpenda kuliko yule. Akaenda.

Alipiga simu siku mbili, Nzilani hakushika. Halafu simu zikakoma, na hiyo ndiyo ilimuuma zaidi. Jumatatu Nzilani akaamua kuuza ile jozi kuukuu. Akaketi na brashi na maji, akatoa soli za ndani azioshe.

Mwenye kuuza viatu anajua mguu wa mtu kwa kiatu. Cha kulia kilikuwa cha kawaida: kimekunjika kwenye vidole, ndani cheusi, alama za vidole vitano. Cha kushoto kimelika chini vilevile, lakini ndani ni safi kama cha dukani. Mguu huo haujawahi kutoa jasho. Nzilani akaweka brashi chini. Akafikiria ile rula. Akafikiria kile kitu kilichotetemeka.

Alifika Isinya mchana, akaonyeshwa nyumba ya mtu wa kuku. Hiram alikuwa kitandani, magongo kando, mguu umeegemezwa ukutani na kiatu chake. Akavuta blanketi haraka.

"Usiangalie."

"Hiram, kazi yangu ni miguu ya watu."

Ndipo akamweleza. Alikuwa dereva wa watu wa kuchimba visima, lori likaanguka, mguu ukakatwa, bima ikampeleka Ujerumani akawekewa wa bandia. Ndani ya goti kuna kompyuta ndogo, inapima kila hatua ndiyo asianguke kwenye mteremko, na imepangiwa kisigino cha sentimita moja na nusu tu. Kila usiku inalishwa stima. Ikisikia njaa inatetemeka, isipolishwa goti linagoma. Na transfoma ya Isinya ilikuwa imeungua tangu Ijumaa. Mguu umezima, simu imezima.

"Kwetu kuna stima," Nzilani akasema, akakunjua gunia lake la viatu.

Hiram aliushika ule mguu kwa muda mrefu. Hakuwa amempa mtu kuubeba tangu aletwe nao. Bila huo, hatoki mlangoni vizuri.

"Na usiporudi?"

"Utaufuata. Lakini kwetu watu hawaingii mikono mitupu."

"Nikuje na nini?"

"Waulize wazee wenu Wakamba wanapendaga nini."

"Mbuzi," Hiram akasema.

"Mimi sijasema kitu."

Akampa mguu na chaja yake. "Usiuweke karibu na maji, mpenzi."

Phylis alirudi kutoka kwaya akakuta mguu wa mwanaume kando ya televisheni, umevaa kiatu, taa ndogo ya manjano inawaka. Akaketi. Nzilani akamweleza yote, mpaka mambo ya mbuzi. Phylis aliuangalia mguu kutoka kiatu mpaka goti.

"Kwetu mtu akiposa, mbuzi ndiyo hutangulia," akasema. "Huyu ametanguliza mguu."

"Hana kingine kikubwa kuliko hicho, mama."

Simu ikalia. Hiram alikuwa ameazima ya jirani yake Metito, anauliza mguu unalala wapi. Akaambiwa sebuleni, kwenye kiti kizuri cha wageni. Akacheka, akalala. Nzilani akalala palepale kwa sofa, simu mkononi.

Phylis hakulala. Aliuliza moyo wake kama kitu kama hicho husikia baridi. Taa ilipogeuka kijani, akatoa leso yake mpya ya kujifunga kabatini, akaufunika mguu vizuri, akaacha taa nje ipumue. Halafu akaenda kulala.